Mstari Mweusi Kwenye Mkeka wa Bibi Renatha

Kitendawili! Barabara yangu nyeusi imekatika katikati, lakini hakuna aliyewahi kupotea njia kwa ajili yake.

Naam, wewe unayesoma, ndiwe ninayekutegea. Usikimbilie kunipa mji. Miji ninayo tele, niliyopewa na walioshindwa kabla yako. Kiweke kichwani, twende polepole, maana hata Evelyne, aliyekuwa akikikanyaga kitendawili hiki kila siku kwa miguu yake mwenyewe, jibu lake alilipata kwa jasho.

Evelyne alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Darasa la Sita. Aliishi Kamachumu na bibi yake mzaa mama, Bibi Renatha, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Mama yake, Klaudia, alikuwa fundi cherehani Muleba mjini, na kila Jumamosi mchana alirudi nyumbani na mkate kwapani.

Kila asubuhi Evelyne alifagia ua, akachota maji, kisha akautoa mkeka wa sebuleni na kuukung'uta. Ulikuwa mkeka mkubwa wa ukindu, wa kazi ya mkono wa Bibi mwenyewe. Pembeni ulikuwa na mistari miwili ya zambarau, na katikati mstari mmoja mweusi. Ule mweusi ulianza vizuri, ukaenda, ukaenda, kisha ghafla ukakatika. Baada ya nafasi ndogo ukaanza tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Kila Jumamosi Mama alipofika, Bibi alisema neno lile lile: "Klaudia, kaa pako." Na Mama akakaa pale pale, palipokatika. Evelyne hakujiuliza kwa nini. Mambo ya nyumbani ndivyo yalivyo. Unayaona kila siku mpaka huyaoni tena.

Jumatatu moja Mwalimu Philbert aliingia darasani na bendera ameikunja kwapani. Akaitandaza juu ya meza.

"Kijani ni nini?"

"Ardhi na mimea!" darasa likaitika.

"Bluu?"

"Maji!"

"Manjano?"

"Madini!"

"Na nyeusi?"

"Kahawa ikishakauka, Mwalimu!" akadakia Mugisha, mvulana aliyekaa nyuma ya Evelyne, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Darasa zima likaangua kicheko.

"Nyeusi ni watu, Mugisha. Ni sisi wenyewe," alisema Mwalimu, naye akijizuia kucheka. "Lakini hiyo kahawa yako itatufaa. Nisikilizeni. Bendera ina maana yake, na nembo ya taifa ina maana yake. Mwenge, mkuki, jembe na shoka, hakuna kilichochorwa pale ili kupendeza tu. Sasa, shule kumi tumealikwa Bukoba Jumatano ya wiki ijayo. Kila shule itapeleka nembo ya urithi wake, iliyochorwa na mwanafunzi mmoja. Alama zake zitoke nyumbani kwenu, si kwenye simu wala kwenye magazeti. Na maana ya kila rangi na kila alama muipate kwa wenyewe."

"Zawadi ni nini, Mwalimu?" Mugisha aliuliza.

"Nembo itakayokubaliwa itapewa makopo ya rangi ya mafuta, na itachorwa kwenye ukuta wa mbele wa shule. Jina la mchoraji chini yake."

Moyo wa Evelyne uliruka kama chura. Ukuta wa mbele! Ule unaoonekana tangu sokoni! Kila mtu shuleni alijua kwamba mkono wa Evelyne una baraka. Ng'ombe akimchora kwa chaki, unatamani kumkamua. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio, daftari linapiga mgongo, hata viatu alivisahau mlangoni kwa jirani alikopita kuazima penseli za rangi.

Bibi Renatha alikuwa jikoni akimenya ndizi. Evelyne akajitupa kwenye mkeka, akaanza kuchora. Alichora ngao. Ngao akaipa rangi ya hudhurungi, kama ile nguo ya gome la mti ambayo Bibi aliihifadhi sandukuni. Juu akaweka jani la mgomba. Katikati akachora punje mbili za kahawa, moja kushoto, moja kulia.

Bibi alikuja akijifuta utomvu wa ndizi mikononi, akainama, akaangalia. "Mae! Hapo umechora ugomvi."

"Ugomvi? Ni kahawa, Bibi."

"Kahawa iliyoachana. Njoo." Bibi akachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, zinazopewa mgeni akiingia. Akabana moja kwa meno, ganda likafunguka. Ndani punje mbili zililala zimekumbatiana. "Unaona? Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu, waligawana punje za ganda moja. Kuanzia hapo mwenzako akilala njaa, wewe huli. Sasa wewe umewatenganisha watu tangu mwanzo, hata hawajasalimiana!"

Evelyne akacheka mpaka akapaliwa. Akafuta, akachora upya, punje mbili ndani ya ganda moja jekundu. Loo, mchoro ukawa kama umeamka! Akauliza kuhusu jani la mgomba, Bibi akasema ni kibanja, shamba la ukoo linalolisha waliomo na wapitao njia. Akauliza kuhusu nguo ya gome, Bibi akamweleza jinsi mti unavyovuliwa ganda kisha ukafunikwa kwa majani ya mgomba ili ujiponye. "Anayechukua bila kufunika kidonda," alisema Bibi, "huyo kesho hana nguo."

Ilibaki sehemu ya chini ya ngao, tupu. Evelyne akatazama huku na huku, na macho yake yakaanguka kwenye mkeka. Mstari mweusi! Akachukua rula, akapima pale palipokatika. Sentimita nane kasoro kidogo. Akauchora vile vile, na pengo lake.

"Bibi, huu mstari mbona umekatika?"

Bibi alikuwa ameshageuka kurudi jikoni. Akasimama. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyekuwa akisubiri swali hilo kwa miaka mingi.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Barabara yangu nyeusi imekatika katikati, lakini hakuna aliyewahi kupotea njia kwa ajili yake."

"Ni mkeka, si ndiyo? Lakini imekatika kwa nini?"

"Hapo ndipo penye kitendawili."

"Basi nakupa mji. Chukua Mwanza."

"Mwanza mawe matupu, nitalima wapi?"

"Chukua Dodoma."

"Vumbi."

"Chukua Bukoba yote!"

"Bukoba hujanipatia bado, utanipaje kisicho chako?" Bibi akacheka, kisha uso wake ukatulia. "Kitendawili hiki kina mwenyewe, mwana wange. Mwenyewe akiwepo nitakitegua. Subiri Jumamosi."

"Lakini shuleni wanachagua Ijumaa!"

"Basi Ijumaa sema hujui. Jumamosi si mbali." Akaenda zake jikoni.

Sema hujui! Evelyne alilala na neno hilo likimwasha kama upupu. Nani atapeleka Bukoba nembo ya mtu asiyejua?

Ijumaa ikafika. Michoro kumi na minne ilibandikwa ubaoni, na wa Evelyne uling'aa kati yake kama jogoo kati ya vifaranga. Walimu wakapita wakiuliza. Jani? Akajibu. Ganda jekundu? Akajibu, tena akamtafunisha Mwalimu Philbert punje moja na yeye moja, darasa likapiga makofi. Kisha Mwalimu akagusa sehemu ya chini.

"Na mstari huu mweusi uliokatika?"

Evelyne aliuona ukuta wa mbele machoni pake, ukianza kurudi kuwa mweupe. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni... ni barabara ya kutoka Kamachumu kwenda Bukoba, Mwalimu. Nyeusi ni lami. Hapo ilipokatika ni daraja lililochukuliwa na mvua, watu wakasaidiana kuvuka. Maana yake ni ushirikiano."

"Safi sana!" Mwalimu Philbert aliandika yote kwenye fomu, kwa kalamu ya wino. "Nembo ya Evelyne ndiyo itakayokwenda."

Makofi yalipaa hadi kwenye bati. Mugisha peke yake alikuwa anakuna kichwa. "Daraja lipi hilo? Nimepita huko na baba juzi, tumevuka yote."

"Ni la zamani," alisema Evelyne haraka. "Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Na wewe ulikuwa umezaliwa?"

Evelyne alikunja mchoro wake, akauona mzito kuliko karatasi.

Jumamosi mama yake akafika na mkate. "Klaudia, kaa pako," alisema Bibi, na Mama akakaa. Bibi akamgeukia Evelyne, macho yanacheka. "Haya, mwana wange. Kitendawili!"

Ungedhani Evelyne angeruka kwa furaha. Wapi! Itakuwaje jibu likiwa jingine? Fomu imeshaandikwa kwa wino. Asiyelijua jibu, alijiambia, hadanganyi sana.

"Bibi, sina nafasi, nina mazoezi ya kujieleza," alisema, akatoka nje mbio mpaka kwenye mibuni. Bibi Renatha alibaki na kitendawili chake mdomoni. Alikata mkate.

Jumatano alfajiri Bibi alimfunga Evelyne skafu ya shule shingoni na kumtia ganda moja la kahawa mfukoni. "Moja yako, moja ya utakayemkuta. Usile zote mbili peke yako." Basi la kukodi likaondoka na wanafunzi ishirini wakiimba. Walipofika Kemondo ziwa likajitokeza ghafla, la bluu, pana, na wote wakakimbilia madirisha ya upande mmoja mpaka dereva akapiga kelele, "Jamani, mtanipindua!" Mugisha akanyoosha kidole. "Bluu ni maji, Mwalimu! Nimejibu bila kuulizwa!"

Evelyne aliimba na wenzake, lakini kila walipovuka daraja alifumba macho. Madaraja yote yalikuwa mazima.

Ukumbini Bukoba palikuwa na shamrashamra. Ngoma zilikuwa zinalia nje, michoro imening'inia ukuta mzima. Evelyne aliketi karibu na mvulana mwembamba wa mjini aliyevaa kofia ya kiua, jina lake Najibu. Nembo yake ilikuwa buli la shaba la kahawa na vikombe viwili.

"Buli ni la babu," alisema Najibu bila kuulizwa, kwa furaha tu. "Alianza kuuza kahawa hapa mjini kabla baba hajazaliwa. Vikombe ni viwili kwa sababu babu hakukubali kunywa peke yake. Na wewe zako ni mbili!"

Evelyne akalitoa ganda mfukoni, akalipasua, akampa punje moja. Wakatafuna huku wanatazamana, wakacheka. "Sasa tumekuwa ndugu," alisema Evelyne. "Ukilala njaa, mimi sili."

"Nashukuru, maana nimetoka bila chai!"

Mwamuzi mkuu alikuwa Bi Safina, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Wazazi wake walitoka pwani, lakini yeye amezaliwa na kukulia Bukoba. Aliuliza polepole, kama mtu anayechagua mchele. Najibu akajibu yote, akakaa huku anatabasamu. Zamu ya Evelyne ikafika.

Alieleza jani, gome, na ganda jekundu, na sauti yake ikajaa ukumbi. Bi Safina akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akavaa miwani yake, akasogea karibu na mchoro kabisa.

"Mstari huu wa chini. Fomu inasema ni barabara. Lakini naona umeuchora kwa msuko, chane moja ya ukindu juu, nyingine chini. Huu umetoka kwenye mkeka."

"Ndiyo, shikamoo... ndiyo, mama," alisema Evelyne, na watu wakacheka kidogo kwa jinsi alivyochanganyikiwa.

"Mama yangu mzazi alikuwa msukaji. Nani aliusuka huo mkeka?"

"Bibi yangu. Bibi Renatha."

"Na ni yeye aliyekwambia kwamba ni barabara na daraja?"

Nje ngoma ilipiga mara moja, ikanyamaza. Evelyne aliiona fomu ya Mwalimu Philbert mkononi mwa Bi Safina. Kusema "ndiyo" ni neno moja tu. Ukuta wa mbele ungepatikana kwa neno moja! Lakini kinywani bado kulikuwa na ladha ya kahawa, na mbele yake alikaa Najibu, ndugu yake wa nusu saa, akimwangalia kwa macho ya kumwamini.

"Hapana," alisema Evelyne. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Hapana, mama. Barabara niliitunga mimi. Na daraja pia. Bibi aliniambia nisubiri, sikusubiri. Halafu alitaka kunieleza, nikakimbia. Maana ya mstari huu siijui."

Mugisha kule nyuma alisema "Nilijua!" kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika na kila mtu. Mwalimu Philbert alimkazia macho.

Machozi yalimlenga Evelyne. Akaanza kuubandua mchoro wake. Bi Safina akamshika mkono.

"Uache hapo hapo. Mwanangu, nembo ni mdomo wa watu wasiokuwepo. Bibi yako hayupo hapa, babu yake Najibu hayupo hapa. Wanasema kupitia rangi na mistari. Ukimtungia maana, umemziba bibi yako mdomo na kusema kwa sauti yake. Hilo ni kosa, na umelifanya. Lakini anayesema 'sijui' ameuacha mlango wazi, jibu likija litaingia. Na wewe umeufungua mlango mbele ya watu mia mbili. Si kila mtu mzima anaweza."

Akaenda mezani, akateta na waamuzi wenzake. Wakatikisa vichwa, wakabishana, wakatikisa tena. Shule ya Najibu ilitajwa ya kwanza, na Evelyne akapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha Bi Safina akamwita Mwalimu Philbert mbele na kumkabidhi makopo manne ya rangi: nyekundu, kijani, hudhurungi na nyeusi.

"Tatu zifungueni kesho," alisema. "Hii nyeusi, Mwalimu, usiifungue mpaka mwenye mkeka aseme. Akisema, mniandikie. Asiposema, mnirudishie kopo langu."

Jamani, furaha ya kurudi! Basi zima lilikuwa linapanga nani atashika brashi, nani ngazi. Evelyne alicheka na kuogopa kwa pamoja, kama mtu anayebembea juu sana. Mwalimu Philbert alikaa karibu naye.

"Mimi nami nilikosea," alisema. "Niliandika kwa wino kabla sijauliza jibu limetoka kwa nani."

Alhamisi na Ijumaa ngao ikapanda ukutani. Hudhurungi, kijani, na ganda jekundu lenye punje zake mbili. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama na vikapu vyao kichwani kutazama. "Mbona chini patupu?" waliuliza. Na Evelyne, mikono imejaa rangi, alijibu bila aibu, "Bado hatujui. Tunasubiri Jumamosi."

Jumamosi mchana Mwalimu Philbert alifika kwa Bibi Renatha na kopo jeusi mkononi, Mugisha nyuma yake amebeba brashi kama askari na bunduki. Bibi alitandika mkeka, akawapa kahawa za kutafuna. Evelyne alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, nilisema uongo juu ya mkeka wako. Na ulipotaka kunieleza, nilikukimbia. Naomba unisamehe."

"Nilikuona ukikimbia," alisema Bibi. "Nikasema, huyo amebeba kitu kizito, akichoka atakitua. Umekitua wapi?"

"Bukoba. Mbele ya watu wote."

"Waitu!" Bibi alicheka, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Basi sasa unaweza kunipa mji."

"Nakupa Bukoba."

"Hiyo naipokea, maana umeigharimia."

Mlango ukagongwa. Ni Mama, amefika na mkate wake, akashangaa kuona nyumba imejaa. "Kuna msiba?"

"Kuna kitendawili," alisema Bibi. "Klaudia, kaa pako."

Mama akakaa, pale pale palipokatika. Bibi Renatha akasogea karibu naye, akaupapasa mstari mweusi kwa kidole kimoja kilichopinda kwa uzee, mpaka mwisho wake.

"Hapa nilikuwa nasuka," alisema. "Nina haraka, nataka mkeka uishe kabla ya mavuno ya kahawa. Chane nyeusi nimeishika hivi. Uchungu ukanishika hivi. Nikaiacha, nikaingia ndani. Niliporudi kwenye mkeka siku nyingi zilikuwa zimepita, na mikononi sikuwa peke yangu. Majirani wakasema, fumua, uunganishe, mstari usionekane umekatika. Nikawaambia sifumui. Nikachukua chane nyeupe, nikaupima nayo unyayo wa mtoto, kisigino mpaka kidole. Urefu ule ule nikausuka mweupe. Ndipo nikaendelea na nyeusi."

Evelyne alikumbuka rula. Sentimita nane kasoro kidogo.

Mama alikuwa ameinua mguu wake polepole na kutazama chini yake, kana kwamba anapaona pale kwa mara ya kwanza. Mugisha aliiweka brashi chini.

"Mliuliza mbona mstari umekatika," alisema Bibi Renatha. "Haukukatika. Hapo ndipo Klaudia alipoingia duniani."